Mahali pa Wazi si Mahali Patupu



Katika lugha yetu neno kiwanja lina maana mbili zinazojulikana na kila mtu. Kiwanja ni mahali pa kuchezea. Mtoto akisema anakwenda kiwanjani, mama yake hana haja ya kuuliza zaidi. Tena kiwanja ni kipande cha ardhi kilichopimwa ili kijengwe. Mtu akisema amenunua kiwanja, jirani humwuliza atajenga lini. Maana hizi mbili zimekaa pamoja kwa muda mrefu bila ya kugombana. Lakini katika miji yetu zimekuwa kama wake wenza wasiopatana, na kila maana ya pili inaposhinda, ile ya kwanza hufukuzwa kwa mabati, kwa lango na kwa mlinzi mwenye rungu. Makala haya twayaandika ili kuitetea maana ya kwanza.

Wapo watakaotuambia kwamba haya si mambo ya walimu wa lugha. Watasema: andikeni juu ya ngeli, juu ya vitabu vya kiada, juu ya mishahara, ardhi waachieni madiwani na wapima. Twapenda kuwajibu mapema. Vitabu huitunza lugha, na shule huisahihisha, lakini lugha huishi pale ambapo watu wasiojuana hulazimika kusemezana. Katika mji mahali hapo ni sokoni, kituo cha mabasi na kiwanja cha mtaa. Sokoni watu husemezana kwa ajili ya fedha. Kituoni husemezana kwa haraka. Kiwanjani husemezana kwa kuwa wana nafasi ya kufanya hivyo. Basi anayekiondoa kiwanja anaondoa shule ya lugha, na sisi tulioajiriwa kuifundisha lugha hiyo hatuna haki ya kunyamaza.

Tuanze na tuliyoyaona kwa macho yetu. Karibu na shule moja ya hapa Kampala ambamo baadhi yetu tulifundisha, palikuwa na kiwanja cha mtaa. Hakikuwa bustani ya fahari. Palikuwa na mifenesi miwili na mwembe mmoja, nyasi zilizolika katikati kwa wingi wa nyayo, na ukuta mrefu wa nyuma ya ghala. Jioni wazee waliketi chini ya mfenesi wakicheza mweso. Wasichana walicheza mchezo wa kurushiana mpira ambao watoto wa hapa huuita kwepena, jina ambalo mwalimu wa Kiswahili halisikii bila ya kukumbuka kitenzi chetu cha kukwepa. Vijana wa bodaboda walipumzika kivulini, mama mmoja alichoma mahindi, na siku za Jumamosi kijana fundi wa kuandika vibao vya maduka aliwakusanya watoto akawafundisha kuchora kwenye ule ukuta wa ghala, kwa mkaa, chokaa na mabaki ya rangi zake.

Huko ndiko tulikopata somo ambalo hatukulipata chuoni. Darasani tulikuwa na mwanafunzi aliyekaa muhula mzima asitoe sentensi moja ya Kiswahili. Tulidhani hajui. Jumamosi moja tulimsikia kiwanjani akipiga kelele, "Nipe mimi! Mbona unampa yeye tu?" Alikuwa akicheza na watoto waliotoka Kongo na wazazi wao kwa sababu ya vita, nao Kiswahili ndicho walichokuja nacho. Wao walisema "tunachezaka", kama wasemavyo kwao. Yeye alisema "sisi nacheza", kama wasemavyo wengi hapa. Hakuna aliyemcheka mwenzake, kwani mpira ulikuwa haungoji. Baada ya miezi michache yule mwanafunzi wetu alikuwa akisema "tunacheza", wala si sisi tuliomfundisha. Alisahihishwa na mchezo.

Chini ya mfenesi hali ilikuwa hiyo hiyo. Mweso una mashimo 32 na kete 64. Bao la Waswahili wa pwani lina mashimo 32 na kete 64. Mzee mmoja aliyepata kufanya kazi Mombasa, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, alizihesabu kete kwa Kiswahili, na waliocheza naye wakajikuta wanahesabu hivyo hivyo, Waganda kwa Waacholi. Hapakuwa na mtihani wala cheti. Palikuwa na kivuli na ubao wa mchezo, na kila jioni Kiswahili kilisemwa na watu wazima ambao wangekataa kuja kuketi katika madawati yetu.

Kisha shule zikafungwa kwa likizo, na tuliporudi tukakuta mabati. Mwembe ulikuwa umekatwa. Langoni palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa lugha ya kigeni. Mwanafunzi mmoja akatuuliza maana ya neno lililoandikwa pale kwa herufi kubwa. Tukamwambia kwamba kwa Kiswahili ni "binafsi". Akauliza, "Binafsi ya nani?" Tukaenda kuuliza swali hilo katika ofisi zinazohusika. Tulielekezwa mlango huu, kisha mlango ule, kisha tukaambiwa turudi Alhamisi. Hatimaye bwana mmoja mpole akatueleza, kwa subira ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi, kwamba kile kilikuwa kiwanja kitupu, na kwamba mji unaokua hauwezi kuacha viwanja vitupu.

Kitupu! Hapa ndipo ubishi wetu unapoanzia, kwa kuwa hapa pana kosa la lugha kabla ya kuwa na kosa lolote la sheria. Chungu kitupu ni kile kisicho na chakula ndani. Nyumba tupu ni ile isiyo na watu wala vyombo. Kiwanja chetu kilikuwa na wazee, watoto, michoro, miti, mchezo, mahindi na lugha tatu kwa uchache. Kilikuwa wazi, wala hakikuwa kitupu. Neno wazi hutumika kwa mlango unaomkaribisha mtu aingie. Neno tupu hutumika kwa mahali ambapo mtu akiingia hakuti kitu. Anayeyachanganya maneno haya mawili, ama hajui Kiswahili, ama anakijua vizuri mno na anakitumia kutupokonya. Mwanafunzi akikosea hivyo katika insha humkata alama. Je, ofisi ikikosea hivyo, tuipe heko?

Na kosa hili si la mtaa mmoja. Tazameni jinsi tulivyogawa heshima katika nchi hii. Uganda ina hifadhi za taifa 10. Hifadhi ya Murchison peke yake ina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 3,800, na kila mtoto wa shule amefundishwa kwamba ni haramu kuikata, kuilima au kuiuza. Sisi twafurahi kwamba tembo na twiga wana mahali pao, hatuwaonei kijicho. Lakini jiji la Kampala, ambalo sensa ya mwaka 2024 ililikuta na wakazi zaidi ya milioni 1.7, lina bustani za umma ambazo mtu angeweza kuzihesabu kwa vidole. Hakuna anayeuita mbuga ya twiga kiwanja kitupu. Mbuga ya watoto ndiyo iitwayo hivyo.

Tuangalie historia, maana mfano wa jirani hufundisha. Katika miaka ya 1930 miji miwili ya Afrika ya Mashariki ilipewa bustani za yubile. Hapa Kampala ilitengwa Bustani ya Yubile, kwa heshima ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, ambaye mwaka 1935 alitimiza miaka 25 ya kutawala. Mjini Zanzibar, pale Forodhani mbele ya Ngome Kongwe, ilitengenezwa bustani ya yubile mwaka 1936, kwa heshima ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyekuwa ametimiza miaka 25 hiyo hiyo. Wafalme hao wawili wote wamepita. Nchi zote mbili zimepata uhuru, na Zanzibar ilipindua usultani mwaka 1964. Sasa angalieni kilichofuata. Bustani ya Kampala leo imo ndani ya ua wa hoteli kubwa, na anayetaka kuitembelea hupita langoni kwa mlinzi. Bustani ya Forodhani ilichakaa, ikakarabatiwa na shirika la utamaduni la Aga Khan, ikafunguliwa tena mwaka 2009, na hata leo jua likizama watu wa Mji Mkongwe hushuka pale bila ya kuulizwa wanakwenda wapi. Wauza urojo na mishikaki huwasha taa zao, wazee huketi ukutani, na vijana hujirusha baharini kwa mbwembwe huku watazamaji wakiwashangilia. Mgeni anayetaka kujifunza Kiswahili cha mjini akae pale jioni tatu tu. Atasikia utani, mafumbo, bei na salamu kwa kadiri asiyoweza kuipata katika kitabu kizima cha mazoezi.

Ilikuwa bustani ya sultani ikawa ya watu; na yetu ilikuwa ya mfalme ikawa ya wageni wa hoteli. Hatusemi kwamba Forodhani haina kasoro. Twasema tu kwamba kule watu hawakubali kuitwa patupu mahali walipo wao.

Wapo watakaosema kwamba Zanzibar ni kisiwa, tena ni mji wa watalii, na kwamba mji mkubwa wa bara una mahitaji mengine. Haya, twende Nairobi. Mwaka 1906 mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliwatolea wakazi wa mji huo bustani, ikiwa na sanamu ya Malkia Victoria ndani yake. Mwaka 1991 ukatokea mpango wa kujenga juu ya bustani hiyo. Wananchi wakaupinga, na kati ya waliokuwa mstari wa mbele alikuwamo Zarina Patel, mjukuu wa ukoo wa Jeevanjee mwenyewe. Bustani ikaokoka. Na ilipookoka ilizaa nini? Ilizaa Bunge la Mwananchi, baraza la watu wasio na kiti wala mshahara, waliosimama chini ya miti wakajadili bei ya unga, katiba na haki, na lugha ya baraza hilo ilikuwa Kiswahili. Sisi tunaohangaika kuwafundisha wanafunzi midahalo, tuna nini cha kulinganisha na shule ile ya ufasaha?

Tena katika mji huo huo wa Nairobi kuna Bustani ya Uhuru, iliyofunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga ndani yake jumba la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua kuupinga mpango huo. Alidhihakiwa, akatukanwa hata ndani ya bunge, na chama chake cha Mkanda wa Kijani kikaondolewa katika ofisi za serikali kilimokuwa. Lakini wafadhili wa kigeni wakajitoa, jumba halikujengwa, na mwaka 2004 mama huyo akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Katika bustani hiyo, tarehe 27 Agosti 2010, ndipo ilipotangazwa rasmi katiba mpya ya Kenya. Kama jumba lile lingesimama, taifa lingekusanyika wapi siku hiyo? Katika maegesho ya magari?

Hapa kwetu twakumbuka kwamba mwaka 1990, mji wa Kampala ulipotimiza miaka 100, ilitengwa Bustani ya Miaka Mia kando ya barabara ya Jinja. Kumbukumbu njema! Baadaye ilikodishwa, yakajengwa mabaa na migahawa, na ubishi wa kukodishwa kwake ukajaza magazeti na mahakama. Mji uliopewa zawadi siku ya kuzaliwa uliiuza zawadi yake kabla ya kuifungua.

Sasa tusikilize hoja za upande wa pili, maana si uungwana kubishana na mtu asiyepewa nafasi ya kusema.

Hoja ya kwanza ni kwamba viwanja vya wazi hugeuka kuwa maficho ya wezi na walevi. Ni kweli kwamba tumeona viwanja vilivyogeuka hivyo. Lakini vilianza kugeuka baada ya watu wema kufukuzwa. Kiwanja chenye wazee wanaocheza bao tangu saa tisa mpaka magharibi hakihitaji mlinzi. Macho yao yanatosha. Ondoa taa, ondoa viti, piga marufuku wauza mahindi, kisha ushangae kwamba waliobaki ni wezi! Huko ni kumnyima mgonjwa chakula kisha kumlaumu kwa kukonda.

Hoja ya pili ni fedha: kiwanja hakilipi kodi, na jumba la biashara hulipa. Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Serikali ya mji inahitaji mapato. Lakini shule ya msingi nayo hailipi kodi, wala zahanati, wala makaburi, na hakuna aliyewahi kuyaita makaburi viwanja vitupu. Kuna vitu ambavyo mji huvinunua kwa kodi yake, wala havinunuliwi ili viilipe kodi. Afya ya mtoto anayekimbia, utulivu wa mzee mwenye mahali pa kwenda jioni, na majirani wa makabila mbalimbali kujuana majina kabla ya siku ya ugomvi, yote hayo yana bei. Mji usiolipa bei hiyo kiwanjani utailipa hospitalini na polisi.

Hoja ya tatu ndiyo inayotuudhi zaidi, kwa sababu huja imevaa nguo za urafiki. Wenye hoja hii wanasema: sisi twapenda bustani, tena twataka ziwe nzuri. Basi huzizungushia uzio, hupanda maua kwa mistari, huweka sanamu ya mtu mkubwa juu ya jiwe refu, kisha husimika vibao. Someni vibao hivyo kwa jicho la mwalimu. Usikanyage. Usiketi. Usicheze mpira. Ni marufuku kupiga picha. Vitenzi vyote viko katika hali ya ukanushi. Hakuna hata kimoja kinachosema karibu. Neno bustani lilitujia kutoka Kiajemi, nalo asili yake ni mahali penye harufu nzuri. Lakini maua yanayonukia ambayo mtoto haruhusiwi kuyasogelea ni maua ya nani? Tumerudi kwenye swali la mwanafunzi wetu.

Ama kuhusu sanaa, hapa pia lazima tuseme neno. Kando ya barabara ya Speke hapa Kampala ipo sanamu ya Uhuru iliyochongwa na Gregory Maloba kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1962. Maloba alizaliwa Kenya, akasoma Makerere na kufundisha papo hapo. Sanamu yake ni ya mtu aliyezungushiwa kamba mwilini, anayemwinua mtoto juu mbinguni. Tuliwapeleka wanafunzi wetu wakaketi mbele yake, tukawaambia waieleze kwa Kiswahili. Mmoja akasema: mama yake bado amefungwa, lakini mtoto hakufungwa. Mwingine akabisha: akimwinua hivyo atachoka, nani atampokea? Wakabishana nusu saa, kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika na cha kweli. Tulirudi nyumbani tukijua kwamba hatukuwahi kufundisha kipindi bora zaidi ya kile, na hatukukifundisha sisi. Alikifundisha Maloba, kwa sababu kazi yake imesimama mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kuifikia kwa miguu.

Tukumbuke pia kwamba uchoraji wa Tingatinga, ambao leo unajulikana duniani kote, haukuzaliwa katika jumba la makumbusho. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 mjini Dar es Salaam, akichora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao, na picha zake ziliuzwa nje, hadharani, karibu na duka la Morogoro Stores huko Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea. Angekuwa amezuiwa kuketi pale nje kwa kuwa ni mahali patupu panapongoja mwekezaji, Tanzania ingekosa jina ambalo leo inajivunia. Na ule ukuta wa ghala wa kwetu, ambao watoto waliuchora kwa mkaa na chokaa, ulikuwa unatuandalia nani? Hatutajua kamwe.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi hasa, walimu wa Kiswahili wa nchi hii. Sote twajua mzigo tunaoubeba. Wazee wetu wengi walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa askari, na wengine walikisikia pamoja na kipigo. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo, kwa kuwa lilitoka kwake, halikukiongezea marafiki. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa ili kiwe lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tumelipokea jambo hilo kwa furaha, na bado twalifurahia. Lakini tusijidanganye. Amri tatu katika miaka 50 ni ushahidi kwamba lugha haipendwi kwa amri. Mzazi anayekiogopa Kiswahili kwa sababu ya bunduki hatakipenda kwa sababu ya mtihani. Atakipenda siku atakapokisikia katika kicheko cha mwanawe anayecheza na mtoto wa jirani. Na kicheko hicho kinahitaji mahali.

Kwa hiyo lawama nyingine twajitupia sisi wenyewe. Kiwanja chetu kilipokuwa kinapimwa, wapimaji walikuja na vigingi vyao mchana kweupe, na sisi tulikuwa tumejifungia katika mkutano tukijadili istilahi. Hatukuwa na barua hata moja ya kuonyesha kwamba shule ilikitumia kile kiwanja kila wiki. Hatukuwa tumempeleka mwenyekiti wa mtaa hata siku moja aone watoto wakichora. Tuliyaona mabati tukalia, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari hii ukuta umejengwa na wengine. Tena tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hapo mwezi Novemba 2021, sherehe nyingi tulizohudhuria zimefanyika katika kumbi za hoteli, kwa kadi za mwaliko, na hotuba nyingine zilisomwa kwa Kiingereza. Tumekisherehekea Kiswahili mahali ambapo muuza mahindi hawezi kuingia. Tunawezaje kumlaumu mwenye mabati?

Basi twatoa mapendekezo manne, nayo si mazito.

Kwanza, kila tawi la chama chetu lichague kiwanja kimoja cha wazi kilichobaki karibu nalo, na lipeleke wanafunzi pale walau mara moja kwa juma, kwa michezo, ngonjera, bao na uchoraji. Mahali panapotumiwa ni vigumu kupaita patupu.

Pili, kila tawi liweke daftari. Liandikwe tarehe, idadi ya watoto na walichofanya. Ofisi haisikii kilio, ila husoma karatasi. Haya basi, tuipe karatasi.

Tatu, tuwaombe viongozi wa mitaa ruhusa ya kuandika vibao vya viwanja hivyo kwa Kiswahili na kwa lugha ya mtaa, na kila kibao kianze kwa neno Karibu. Wanafunzi wetu wavichore wenyewe. Hiyo itakuwa insha fupi kuliko zote watakazoandika, na itasomwa kuliko zote.

Nne, Siku ya Kiswahili ijayo isifanyike hotelini. Ifanyike chini ya mti, na mgeni rasmi aketi juu ya mkeka pamoja na wazee wa mweso. Kama hawezi kuketi mkekani, hotuba yake atutumie kwa posta.

Wapo wenzetu watakaoona kwamba tumevuka mpaka wa kazi yetu, na kurasa hizi ziko wazi kwa majibu yao. Twawaomba jambo moja tu kabla hawajaandika: waende jioni moja kwenye kiwanja kilicho karibu na nyumba zao, kama bado kipo, waketi pale hadi giza liingie, wasikilize. Karibu na ile shule yetu kimebaki kiwanja kimoja, ng'ambo ya mtaro, kidogo kuliko kile cha kwanza. Kina mfenesi mmoja. Juma lililopita tuliona vigingi viwili vyenye rangi nyekundu vimechomekwa pembeni yake. Jumamosi hii tutakuwa pale na wanafunzi wetu, pamoja na daftari.